Mtu wa Saba

Kazi yangu ni kuandikisha kaya kwenye mfuko wa afya ya jamii. Nakaa sokoni Tunduma chini ya mwamvuli nilioazimwa na mama mmoja wa miamala ya simu, nina simu ya ofisi yenye kamera, na nina mdomo. Mdomo ndio unaofanya kazi kubwa. Ukimwambia mtu achangie matibabu leo wakati haumwi popote, anakutazama kama umemwombea mabaya. Ndiyo maana watu wa sokoni wananiita Restuta Msumbufu, na mimi nimelikubali jina kwa sababu ni la kweli.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Kaya ni watu sita, mchango mmoja, mwaka mzima. Napiga picha sita, naandika majina sita, kadi inatoka. Mtu wa saba haingii. Ukibonyeza kumwongeza, simu inakataa, na hakuna mdomo wa kuishawishi simu.

Pili Makame aliandikisha watu wake kwangu. Anauza mabeseni na ndoo za plastiki meza ya tatu kutoka mwamvuli wangu, mwanamke mnene wa wastani, mcheshi, mzaliwa wa Tanga aliyeletwa huku na ndoa. Alikuja na mumewe Aziz, anayehangaikia makaratasi ya malori mpakani, na mama mkwe wake, na watoto wanne, mkubwa wao Ikram. Nikahesabu picha: Aziz, bibi, watoto wanne. Sita.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nina ng'ambo," akasema, akacheka.

Nami nikacheka. Siku hiyo nilikuwa na kaya nyingine tatu zinangoja, na jua lilishaupita mwamvuli. Nikafunga kaya ya Aziz na watu sita, nikamwita anayefuata. Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi tangu hapo, na kila mara najichukia upya.

Ng'ambo ni Nakonde, upande wa Zambia, ambako kwa miguu kutoka sokoni kwetu unafika kabla chai haijapoa. Kule mtu akienda kliniki ya serikali hatoi kitu dirishani. Anabeba daftari lake la shule, kama mwanafunzi, daktari anaandika humo, anapewa dawa, anarudi nyumbani. Jambo hili limegombanisha watu sokoni kwetu kuliko mpira. Aziz husema wale wanalipiwa na shaba yao, sisi hatuna shaba, basi tulipiane wenyewe. Wanawake wa Nakonde wanaovuka kuja kuuza kwetu humjibu kwamba bure yao nayo ina siku zake: siku dawa zipo ni bure, siku rafu ni tupu unaandikiwa karatasi ukanunue mwenyewe, na kodi umeshakatwa. Mimi husimama upande wa kadi kwa sababu ndiyo mkate wangu. Lakini usiku wa kuamua nani aingie kwenye sita, katika nyumba yenye watu saba au tisa, sijawahi kuulalia mimi. Wao ndio wanaoulalia.

Rafiki wa Pili alikuwa mmoja wa hao wa Nakonde, Eva Simukonda, Mnamwanga, muuza karanga na dagaa wa kapenta. Meza zao zilishikana. Eva alimwita Pili bana Ikram, yaani mama Ikram, na Pili alimwita Eva mama Osea, kwa mwanawe mkubwa aliyeolea Vwawa. Walikuwa rika moja, umbo moja, na maradhi yao yalikuwa mamoja: presha.

Hapo ndipo lilipoanzia. Pili alipopimwa mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, alinunua vidonge duka la dawa mwezi mmoja, wa pili akaona uvivu. Eva akamwambia, "Bana Ikram, umuti wa presha, dawa zake, mimi napewa bure. Chukua daftari langu uende. Wakiita Eva Simukonda, itika." Kwa namna hiyo Pili akawa Eva mara moja kila baada ya miezi miwili. Mwezi huu anakwenda Eva mwenyewe, Pili anamwangalizia karanga. Mwezi ujao Pili anajifunga kitenge na kilemba kama wanawake wa kule, anavuka, na Eva anamuuzia mabeseni. Vidonge wanavyoleta wanagawana katikati, mezani, kama watu wanaogawana njugu.

Nani angemgundua? Foleni ya watu mia, wauguzi wanabadilishwa kila mara, nani ana nafasi ya kumtazama mtu usoni. Pili alijifunza neno moja tu la Kibemba la kutumia kule ndani, eya mukwai, ndiyo mheshimiwa, na alilitumia kwa kila alichoulizwa. Unaumwa kichwa? Eya mukwai. Miguu inavimba? Eya mukwai. Ukweli ni kwamba kichwa kilimuuma na miguu ilivimba, lakini hakujua kwamba ndicho alichoulizwa.

Mimi nilijua. Soko zima la upande ule lilijua, na tulikuwa tukiwatania kwamba wao ni mke mmoja mwenye waume wawili. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba daktari anayeandika kwenye lile daftari anamwona mtu mmoja ambaye presha yake inapanda na kushuka kama mtu aliyepagawa. Alifanya ambacho daktari yeyote angefanya. Aliongeza dawa. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vya aina tatu.

Mwezi wa tatu mwaka huu ilikuwa zamu ya Pili. Alipimwa, akaona daktari amekunja uso. Akapewa kikopo akojoe. Akakojoa. Daktari alisema maneno mengi, Pili akasema eya mukwai, akapewa dawa zake na karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari. Alimrudishia Eva vyote. "Wameandika kitu humo," akamwambia. "Mimi Kiingereza chao sikukipata."

Eva alikwenda kusomewa na mumewe Amoni, mzee wa kanisa, aliyewahi kufundisha shule. Siku iliyofuata hakuja sokoni. Alipokuja, siku ya tatu, alikuwa mtu mwingine. Hakupanga karanga. Alikaa na pochi yake mapajani akiishikilia kwa mikono miwili.

"Barua inasema figo zangu zinakufa," alimwambia Pili kwa sauti ndogo. "Na moyo uko hatarini. Niende hospitali ndani ya wiki moja."

"Basi nenda, mama Osea."

"Naogopa. Nikienda watanilaza, na waliolazwa kwa figo mimi nawajua wako wapi." Halafu akasema kwamba dawa za mwezi ule hatagawana tena. Atazimeza zote yeye, kama zilivyoandikwa. "Unisamehe, bana Ikram. Zako nunua."

Pili hakukasirika. Alimwonea huruma hata akalia pale mezani, mbele ya wateja. Vidonge vyake hakuvinunua, akisema atanunua kesho, na kesho ikasogea mpaka zikapita wiki tatu. Kila siku alimchungulia mwenzake usoni akitafuta dalili za kifo. Eva alipungua. Akisimama, alishika meza. Alilalamika kizunguzungu na macho kuona giza, na Pili, ambaye kichwa kilikuwa kikimgonga usiku na mchana, hakulalamika kitu, kwa sababu mbele ya mtu anayekufa ni aibu kusema kichwa kinauma.

Jumanne moja saa nne asubuhi simu ya Pili iliita. Ilikuwa namba ya Amoni, na Amoni hakuwahi kumpigia. Nilimwona akisikiliza, kisha nikamwona akikaa chini kwenye vumbi ingawa kiti kilikuwa nyuma yake.

"Ameanguka akisaga mahindi mashineni," akaniambia. "Yuko hospitali. Restuta, mama Osea anakufa."

Nikamwambia aende, nitaangalia meza zote mbili. Hakwenda. Alibaki ameshika ukingo wa beseni. Nilidhani ni uchungu, kumbe ilikuwa hofu, na hofu yenyewe aliniambia hapo hapo, maneno yakigongana. Daftari lile liko mikononi mwa madaktari. Wanamtibu Eva kwa kusoma mambo ambayo nusu yake si ya Eva. Akisema, yeye ni mgeni aliyetumia jina la mtu kwenye nchi ya watu kwa miaka mitatu. Watamweka ndani. Aziz hajui. Amoni hajui. Na asiposema?

"Asiposema nani?" nikauliza, kama mjinga.

"Mimi," akasema, akainuka.

Yanayofuata sikuyaona kwa macho. Alinisimulia yeye, na baadaye Eva naye akanisimulia, na wanapatana.

Alivuka kwa miguu. Kila mtu mwenye sare, hata mlinzi wa ghala, alimfanya ashushe macho. Hospitalini alimkuta Eva kwenye kitanda karibu na mlango, dripu mkononi, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Amoni alikuwa amesimama ukutani ameshika kofia yake. Daktari, kijana mrefu aliyeitwa Sunday, alikuwa akifungua kurasa za daftari mbele na nyuma, akirudia, kama mtu anayetafuta ukurasa uliochanwa.

Amoni alimweleza kwa Kiswahili kwamba presha ya Eva imeshuka hata mashine inaisoma kwa shida. Dripu inaingia na haipandi. Daktari anasema, mtu mwenye presha kubwa miaka yote hii akianguka namna hii, basi ni moyo umechoka. Wanaandaa gari wampeleke hospitali kubwa, mbali, safari ya saa nyingi. "Sijui kama atafika," akasema Amoni.

Pili alikaa kitandani. Eva alifumbua macho, akamtambua, akamshika vidole. Vidole vyake vilikuwa baridi. Pili aliinama sikioni kwake akamwambia, "Nitawaambia kuhusu daftari." Na Eva, aliyekuwa hana nguvu ya kuinua kichwa, alikitikisa kushoto na kulia juu ya mto. "Nyamaza," akasema. "Watakufunga. Umuti utaupata wapi?"

Pili anasema hapo ndipo alipoogopa kuliko wakati wote. Angeweza kumtii. Rafiki yake mwenyewe alikuwa amempa ruhusa, na hakuna ambaye angejua. Nje gari lilikuwa linawashwa, alilisikia. Aliwaza Ikram na wadogo zake. Aliwaza mahabusu ambayo hajawahi kuiona. Kisha akasikia mtu anasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa kupita kiasi, "Daktari, hilo daftari ni la watu wawili," na ikamchukua muda kuelewa kwamba aliyesema ni yeye.

Daktari Sunday alikijua Kiswahili, cha sokoni, kama wengi wa kule. "Watu wawili vipi?"

Akamweleza. Zamu kwa zamu, vidonge kugawana, na wiki tatu hizi Eva kuvimeza vyote peke yake. Amoni alimtazama mkewe, akamtazama Pili, kofia ikamdondoka na hakuiokota. Daktari alichomoa kalamu mfukoni akampa Pili pamoja na daftari.

"Weka alama kila siku uliyokuja wewe. Usikosee. Ukikosea unaniulia mgonjwa."

Pili hajui Kiingereza lakini namba anazijua. Ameishi kwa namba. Zamu ya mwisho ilikuwa yake, ile ya barua. Akaweka mkwaju wa kalamu. Iliyotangulia ni ya Eva, akairuka. Kisha yake, mkwaju. Mwezi wa Ramadhani Eva alikwenda mara mbili, akakumbuka, akaruka kurasa mbili. Alianza kuona kitu akiwa ukurasa wa nne au wa tano, na akaendelea kuandika kwa sababu aliambiwa asikosee. Kila alipoweka mkwaju, namba iliyokuwa pembeni ilikuwa mia na themanini, mia na tisini na tano, mia mbili na kumi. Kila aliporuka, ilikuwa mia na thelathini, mia na arobaini, mia na ishirini na nane.

Daktari alichukua daftari, akatazama kidogo tu, akatoka mlangoni akapiga kelele gari lizimwe. Alirudi na muuguzi, wakabadilisha dripu, wakachoma sindano, na pochi ya Eva yenye vile vidonge wakaichukua. Kwa Amoni alisema kwa kifupi kwamba mkewe hana moyo mbovu. Amemeza dawa za mtu mwingine, nyingi mno, na mwili wake umezidiwa. Zikitoka mwilini atainuka. Ilipofika alasiri mashine ilisoma tisini, baadaye mia, na Eva akaomba uji.

Wakati huo Pili alikuwa bado amekaa kwenye benchi la ukutani akingoja polisi. Hakuna aliyemwambia aondoke wala abaki. Daktari Sunday alipomkaribia alisimama, akakunja mikono kifuani tayari kwa pingu.

"Kaa," daktari akasema. Alikuwa na hasira, Pili anasema, hasira ya mtu aliyechoka. "Sina muda wa polisi. Lete mkono."

Akamfunga mkanda wa kupimia presha. Ulimbana, ukalegea, ukambana tena. Daktari alisoma mara ya kwanza, akahamishia mkanda mkono wa pili, akasoma tena. Hakumwambia namba. Akachukua karatasi mpya.

"Jina?"

"Eva Simu—" Pili akaanza, kwa mazoea ya miaka mitatu. Akajizuia. "Pili Makame."

Daktari aliandika. Halafu akafungua daftari la Eva, akatoa ile barua iliyokunjwa, ambayo Eva alikuwa amelala nayo chini ya mto wiki tatu akilia, akamwekea Pili mapajani.

"Hii ni yako," akasema.

Alimpa vidonge vya wiki moja, mkononi, bila jina. Alimwambia kwa kituo chake hawezi zaidi ya hapo kwa mgeni, apeleke barua kwao, na asingoje hata siku mbili.

Amoni alimsindikiza mpaka mpakani. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba alikuwa ameshaanza kuchagua nyimbo za mazishi, kisha akaona aibu kuwa amelisema.

Kesho yake asubuhi Pili alikuja chini ya mwamvuli wangu na Aziz. Alikuwa amemwambia yote, na Aziz alionekana kama mtu aliyepigwa kofi bila kujua na nani. Pili aliweka barua juu ya meza yangu. Ni ya Kiingereza, nilijikaza nikaisoma, na nilipofika kwenye figo nikaacha.

"Niingize kwenye kadi," akasema.

Nikafungua simu. Kaya ya Aziz ikatokea, nyuso sita: Aziz mwenyewe, mama yake, Ikram, na wale watatu wadogo wakitabasamu kwa sababu siku ile niliwaambia watabasamu. Nikabonyeza kuongeza mtu. Ikakataa. Nikabonyeza tena, najua itakataa, nikabonyeza.

"Mpaka umtoe mmoja," nikasema.

Hilo nimewaambia watu wengi. Kule Ndalambo, kwa wafugaji wenye nyumba za watu kumi na tano, nimelisema siku nzima bila sauti kubadilika. Siku ile lilinitoka kwa shida, na niliogopa jibu lake.

"Nitoe mimi," Aziz akasema.

"Wewe na hayo malori?" Pili akamjibu. "Wiki iliyopita tu tela limemponda mwenzako mguu."

Akasogeza simu karibu na uso wake. Alimgusa bibi, akaondoa kidole. Bibi ana kisukari. Alimgusa Ikram, akaondoa. Ikram ana pumu. Akawafikia wadogo. Kidole kilisimama juu ya wa mwisho, yule mzima kuliko wote, ambaye hajawahi kuugua hata mafua ya maana. Simu ikazimika kwa kukaa bila kuguswa. Nikaiwasha. Kidole kilikuwa bado hewani. Ikazimika tena.

"Na wewe ulikuwa mzima kuliko wote," Aziz akamwambia mkewe, taratibu. Pili akaondoa mkono.

Watu wa mkoa wanatuambia bima ya kila mtu iko njiani, ambayo haitauliza wewe ni wa ngapi. Nimewahi kuisifu mwenyewe kwenye mikutano. Pili hakuniuliza itafika lini, na nilishukuru kwamba hakuuliza.

"Nipige picha kwanza," akasema. "Nafasi tutaijua."

Alifunga ushungi vizuri, akatazama kamera. Nilimpiga picha moja, nikaihifadhi. Kisha wakaondoka na Aziz kutafuta gari la kwenda hospitali ya Vwawa, barua ikiwa ndani ya mfuko wa rambo, watalipa taslimu walichonacho na wataona itakapoishia.

Eva amerudi sokoni. Anaangalia meza zote mbili, na akiuliza mteja bei ya ndoo anajibu, lakini macho yake yako barabarani. Simu ya kazini ninayo hapa. Kila nikiifungua kuandikisha kaya mpya, picha ya Pili inatokea kwanza, peke yake, na chini yake simu inaniuliza nimweke wapi.